Mji Mkuu Mpakani: Mji Ulitangulia au Mpaka?



Katika vipindi vya jiografia tumezoea kuulizana miji mikuu ya nchi. Ethiopia? Addis Ababa. Misri? Cairo. Anayejibu haraka hupigiwa makofi na somo huishia hapo. Katika makala haya tumeona tuulize swali la pili, ambalo mara nyingi husahauliwa: huo mji mkuu uko sehemu gani ya nchi yake? Uko katikati, uko pwani, au uko ukingoni kabisa, hata mtu akisimama katika mtaa wa mwisho anaona moshi wa majiko ya nchi nyingine?

Fungueni atlasi penye ukurasa wa Afrika ya Kati. Tafuteni Kinshasa na Brazzaville. Mtaona kuwa mchora ramani alipata taabu kuyaandika majina hayo mawili bila moja kulipanda jingine. Kisha tafuteni N'Djamena, Bangui, Lomé na Maseru. Yote hiyo ni miji mikuu, na yote imekaa juu ya mstari wa mpaka kama ndege waliotua juu ya waya.

Jambo hili linashangaza kidogo. Ikulu, hazina, makao makuu ya jeshi na nyaraka za serikali ni vitu ambavyo nchi huvilinda kuliko vyote. Mama mwenye sanduku la dhahabu huliweka chumba cha ndani, haliweki barazani. Zipo nchi zilizofuata akili hiyo. Tanzania iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba Dodoma iko katikati ya nchi. Nigeria nayo ilihama Lagos, iliyo pwani, ikaenda Abuja mwaka 1991. Basi hao wengine mbona sanduku lao liko barazani?

Ili kulijibu swali hilo tutatumia ufunguo mmoja. Kwa kila mji tutauliza: kipi kilitangulia, mji au mpaka? Mtaona kuwa majibu hayafanani, na kila jibu limebeba historia yake.

Pacha wa Mto Kongo

Hakuna miji mikuu miwili duniani inayotazamana kwa karibu kama Kinshasa, mji mkuu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na Brazzaville, mji mkuu wa Jamhuri ya Kongo. Tunaiacha Roma na Vatikani, kwa sababu ile ni habari ya pekee: Vatikani imo ndani ya Roma yenyewe, nayo ni dola kwa mkataba wa mwaka 1929.

Kinachotenganisha Kinshasa na Brazzaville ni Mto Kongo peke yake. Mahali pale mto umepanuka ukawa kama ziwa, panaitwa Pool Malebo. Ziwa hilo likiisha, mto hujibana na kuanza kuporomoka juu ya miamba, poromoko baada ya poromoko, hadi karibu na Matadi. Hapo ndipo penye siri yote. Chombo kinachotoka bara kinaweza kuteremka na mto kwa mamia ya kilomita bila kizuizi, lakini kikifika Pool Malebo hakiendi tena. Ni lazima mzigo ushushwe. Na mahali popote duniani ambapo mzigo lazima ushushwe, watu hukusanyika: wapo wa kubeba, wa kununua, wa kupika, wa kukopesha na wa kuiba.

Ndiyo maana kabla Mzungu hajafika, wafanyabiashara wa Kiteke walikwisha kuwa na vijiji vyao pande zote mbili za maji. Kintambo na Kinshasa vilikuwa upande wa kusini, na Mfoa upande wa kaskazini. Pembe za ndovu zilishuka kwa mitumbwi, zikapokelewa hapo, zikabebwa na wapagazi hadi pwani. Mto wakati huo ulikuwa njia ya kwenda sokoni, haukuwa mpaka wa mtu na mtu.

Mwaka 1880 akaja Pierre Savorgnan de Brazza, aliyekuwa akiitumikia Ufaransa. Alifanya mkataba na Makoko, mfalme wa Wateke, kisha akaondoka na kuacha bendera na walinzi wachache chini ya sajenti mmoja kutoka Senegal aliyeitwa Malamine Camara. Mwaka uliofuata Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtumikia Mfalme Leopold wa Ubelgiji, alifika ukingo ule ule wa kaskazini. Alimkuta Malamine na bendera yake. Stanley alikuwa na watu wengi na silaha nyingi, na Malamine alikuwa na askari wa kuhesabika kwa vidole. Hata hivyo sajenti yule hakuondoka. Stanley alivuka kwenda ng'ambo ya kusini akaanzisha kituo chake huko, akakiita Léopoldville. Wakubwa wa Ulaya walipokutana Berlin mwaka 1884 na 1885, mgawanyo huo ulikuwa umekwisha kupata mizizi.

Kwa hiyo hapa jibu la swali letu ni kwamba mji wa kikoloni na mpaka vilizaliwa pamoja kama pacha. Tunadhani ni haki kuongeza kuwa vijiji vya Wateke vilikuwa vikubwa kuliko wote wawili, na wenyewe hawakuulizwa kama wanataka mto wao ukatwe katikati.

Wakoloni nao waliendelea kushindana. Upande wa kusini ilijengwa reli kutoka Matadi hadi Pool Malebo, ikakamilika mwaka 1898. Makao makuu ya Wabelgiji yaliyokuwa Boma, karibu na bahari, yalihamishiwa Léopoldville katika miaka ya 1920. Wafaransa hawakutaka mizigo yao ipite reli ya jirani, wakajenga ya kwao kutoka Pointe-Noire hadi Brazzaville kati ya mwaka 1921 na 1934, na maelfu ya vibarua wa Kiafrika walikufa katika kazi hiyo. Reli mbili, zikienda kwenye ziwa moja, kwa sababu ya bendera mbili! Léopoldville ilibadilishwa jina kuwa Kinshasa mwaka 1966. Brazzaville ilibaki na jina la yule Mfaransa mpaka leo.

Kuvuka kwa dakika chache

Mwanafunzi anaweza kuuliza, je, mpaka ulio mtoni uko wapi hasa? Uko ukingoni au katikati? Zipo njia mbili zinazotumika zaidi. Nchi nyingine hupima mstari wa katikati, sawa kwa sawa kutoka kingo mbili. Nyingine hufuata mkondo mkuu, yaani sehemu ya mto yenye kina kirefu zaidi ambayo vyombo hupita. Njia ya pili ina hekima yake: mkondo wenye kina unaweza kuwa karibu na ukingo mmoja, na kama mpaka ungepita katikati basi nchi moja ingepata maji ya kupitisha meli na nyingine ingeachiwa mchanga.

Kati ya Kinshasa na Brazzaville hakuna daraja. Makubaliano ya kujenga daraja la magari na reli yalitiwa saini mwaka 2018, lakini watu wanaendelea kuvuka kwa boti na pantoni. Safari yenyewe ni ya dakika chache. Kinachochukua muda ni foleni, hati, ushuru na maswali ya maofisa. Pande zote mbili watu wanazungumza Kilingala, wanacheza muziki mmoja, wana shangazi na wajomba ng'ambo. Lakini fedha ni mbalimbali: huku ni faranga ya Kongo, kule ni faranga ya CFA. Mfanyabiashara mdogo anaishi katika tofauti hiyo. Kikiwa nafuu kitu upande mmoja, anakivusha.

Liko jambo moja katika kivuko hicho ambalo tungependa mlijue. Kwa miaka mingi watu wenye ulemavu wa miguu walipewa nafuu ya nauli na ushuru pale mtoni. Wao wakaifanya nafuu hiyo kuwa kazi. Utawaona na baiskeli zao kubwa za magurudumu matatu zilizosheheni mizigo, pamoja na vijana wa kusukuma, wakivuka na bidhaa za matajiri na za kwao wenyewe. Mahali pengine mtu kama huyo angeambiwa akae pembeni ya barabara anyooshe mkono. Pale ndiye anayeajiri wengine.

Lakini barazani ni barazani. Mwaka 1997 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Brazzaville, kuanzia Juni hadi Oktoba, maelfu ya watu walivuka mto kukimbilia Kinshasa, na makombora mengine nayo yalivuka yakaangukia huko huko walikokimbilia. Mwaka 2014 mambo yalikwenda upande wa pili. Polisi wa Brazzaville walianza msako wa wageni wasio na hati, na kwa muda wa wiki chache zaidi ya watu laki moja wa Kongo ya Kinshasa walirudi kwao, wengine kwa kufukuzwa na wengine kwa hofu. Walishuka botini na magodoro, sufuria na watoto. Wengi wao walikuwa wameishi ng'ambo miaka mingi, na watoto wengine walizaliwa huko.

Tukiwa bado hapa, tuwakumbuke ndugu zetu wa Goma na Bukavu wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Kinshasa iko ukingo wa magharibi na wao wako ukingo wa mashariki. Kutoka Goma hadi Kinshasa kwa ndege ni zaidi ya kilomita 1,500, na hakuna barabara nzuri ya moja kwa moja. Mkazi wa Goma yuko karibu zaidi na Kigali, Bujumbura, Kampala na Nairobi kuliko alivyo na mji mkuu wake mwenyewe. Mji mkuu ukikaa ukingo mmoja, ukingo wa pili ndio unaolipa.

N'Djamena, mahali pa kupumzika

Sasa twende kaskazini, mahali Mto Logone unapoingia katika Mto Chari. Hapa mpaka ndio uliotangulia. Mwaka 1894 Ufaransa na Ujerumani zilikubaliana juu ya mpaka wa Kamerun ya Wajerumani kuelekea Ziwa Chad. Wakati huo nchi hizo hazikuwa mikononi mwao bado. Aliyekuwa na nguvu pale alikuwa Rabih bin Zubayr, jemadari aliyetoka Sudan, ambaye alikuwa ameiteka Borno na kuweka makao yake Dikwa.

Tarehe 22 Aprili 1900 majeshi ya Wafaransa yalipambana na Rabih karibu na mji wa Kousséri. Rabih aliuawa, na kamanda wa Wafaransa, Meja Lamy, naye aliuawa siku hiyo hiyo. Kousséri ilikuwa mji wa zamani, lakini kwa mkataba wa makaratasi ilikuwa upande wa Wajerumani. Kwa hiyo mwezi Mei Wafaransa walivuka wakajenga ngome yao ng'ambo, wakaipa jina la meja aliyekufa: Fort-Lamy. Ngome ikawa mji, na mji ukawa mji mkuu wa Chad. Mwaka 1973 Rais Tombalbaye aliliondoa jina hilo akaweka N'Djamena, lililotokana na kijiji cha Waarabu kilichokuwa jirani. Kwa Kiarabu cha Chad maana yake ni mahali pa kupumzika.

Kupumzika kwenyewe hakukuwa kwingi. Vita vya mwaka 1980 ndani ya mji vilidumu miezi mingi na wakazi wengi mno walihamia Kousséri. Februari 2008 waasi waliingia N'Djamena kutoka mashariki, na kwa siku mbili mapigano yalifika jirani na ikulu. Serikali ilisalimika. Katika siku hizo makumi ya maelfu ya watu walipita juu ya daraja la Logone kwenda Kameruni. Fikirini kidogo kama mji huo ungekuwa katikati ya jangwa, kilomita 500 kutoka mpaka wowote. Wangekwenda wapi usiku ule? Wataalamu wa vita watasema mji mkuu mpakani ni udhaifu. Mama mwenye watoto wanne alisema nini tarehe ile hatukumsikia, lakini miguu yake ilikwenda darajani.

Miaka 13 baadaye deni lililipwa. Mwishoni mwa mwaka 2021 wafugaji wa Kiarabu na wavuvi na wakulima wa Kimusgum upande wa Kameruni walipigana kwa sababu ya maji, na vurugu zikafika Kousséri. Safari hii makumi ya maelfu ya watu wa Kameruni ndio waliovuka kuingia Chad, na wengi wakapokelewa N'Djamena na vitongoji vyake. Mto ule ule, na pengine baadhi ya familia zile zile.

Tuongeze jambo la biashara. Chad haina bahari. Mizigo yake mingi hutoka bandari ya Douala, zaidi ya kilomita 1,500, na huingia kwa lango la Kousséri. Lango likifungwa siku chache tu, bei ya sukari na saruji N'Djamena hujulikana.

Mji uliozaliwa na ushuru

Lomé, mji mkuu wa Togo, ni kichekesho cha historia. Waingereza waliokuwa Gold Coast, yaani Ghana ya leo, walizidi kusogeza vituo vyao vya forodha upande wa mashariki kando ya bahari. Wafanyabiashara waliochoka kulipa ushuru wakasogea nao, wakatua katika ufuo uliokuwa nje kidogo tu ya mkono wa Mwingereza. Hapo wakashusha bidhaa bila kudaiwa. Ufuo huo ndio Lomé. Wajerumani walipoichukua Togo mwaka 1884 waliukuta mji unachangamka, na mwaka 1897 wakaufanya makao makuu. Kwa maneno mengine, mpaka ulitangulia na mji ukaja kuukimbia, ila haukukimbia mbali!

Leo mtaa wa Kodjoviakopé wa Lomé umegusana na mji wa Aflao wa Ghana. Watu wa pande zote mbili ni Waewe. Wapo wanaolala nchi moja na kuuza sokoni nchi ya pili. Ghana ilipofunga mipaka yake ya nchi kavu Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, ilikaa imefungwa mpaka Machi 2022. Kwa mtu wa Accra hilo lilikuwa tangazo la redioni. Kwa mwanamke wa Aflao mwenye wateja Lomé, ilikuwa ni miaka miwili ya kupita njia za panya au kukaa na njaa.

Pale mpaka ulipoufuata mji

Sasa tuje kwenye kundi la mwisho, ambalo kwetu ndilo lenye kufundisha zaidi. Hii ni miji ambayo haikujengwa mpakani. Ilikuwa ndani, ikakaa, mpaka ukaja kuikuta.

Vientiane, mji mkuu wa Laos huko Asia, uko ukingoni mwa Mto Mekong. Ng'ambo ni Thailand. Ufalme wa zamani wa Walao ulikuwa pande zote mbili za mto, na Vientiane ilikaa kama nyumba iliyo katikati ya kiwanja chake. Siam, ambayo ndiyo Thailand ya leo, iliuvunja mji huo mwaka 1828. Baadaye Wafaransa wakaja, na kwa mkataba wa mwaka 1893 wakachukua upande wa mashariki wa Mekong. Upande wa magharibi ukabaki kwa Siam. Kiwanja kilikatwa, na nyumba ikajikuta ukutani. Matokeo yake ni kwamba watu wenye asili ya Kilao wanaoishi Thailand ni wengi kuliko walioko Laos kwenyewe. Daraja la kwanza la kuunganisha eneo hilo na Nong Khai ya Thailand lilifunguliwa mwaka 1994, karibu na Vientiane.

Asunción ya Paraguay ilianzishwa mwaka 1537. Nchi hiyo ilipigana na Brazil, Argentina na Uruguay kwa pamoja kuanzia mwaka 1864 hadi 1870, ikashindwa vibaya sana. Baada ya hapo Argentina ikadai ardhi ya ng'ambo ya mto. Rais wa Marekani, Rutherford Hayes, alitakiwa kuamua, na mwaka 1878 akaipa Paraguay sehemu iliyogombaniwa kaskazini ya Mto Pilcomayo. Wananchi walifurahi hata wakauita mji mmoja Villa Hayes. Lakini kusini ya Pilcomayo ilibaki Argentina, na mto huo unaingia karibu kabisa na Asunción. Mji mkuu ukabaki kilomita chache kutoka Clorinda ya Argentina.

Na Maseru? Hii inaumiza zaidi. Mfalme Moshoeshoe wa Kwanza aliwaongoza Wasotho kutoka mlima wa Thaba Bosiu, ngome ambayo maadui walishindwa kuiteka. Ardhi ya Wasotho wakati huo ilivuka Mto Caledon kwenda magharibi, na huko ndiko kulikokuwa na mashamba mazuri. Makaburu wa Orange Free State walipigana naye mara kadhaa. Mwaka 1868 Moshoeshoe aliomba ulinzi wa Uingereza, akaupata, lakini mpaka uliowekwa mwaka 1869 ulipita Mto Caledon. Mashamba yakabaki kwa Makaburu, na Wasotho wakaachiwa milima. Mwaka huo huo Waingereza waliweka kambi yao Maseru, karibu na mto. Thaba Bosiu iko kilomita zipatazo 25 tu kutoka hapo, upande wa mashariki. Ukisimama Maseru leo ukatazama ng'ambo, unaona ardhi ambayo mababu wa watu hao waliilima.

Gharama ya kukaa hapo ilionekana wakati wa utawala wa ubaguzi wa rangi Afrika Kusini. Desemba 1982 makomando wa Afrika Kusini waliingia Maseru usiku, wakaua watu 42. Thelathini kati yao walikuwa Waafrika Kusini, na 12 walikuwa raia wa Lesotho. Mwanzoni mwa Januari 1986 Afrika Kusini ikafunga mpaka. Haikuhitaji kupiga risasi. Lesotho imezungukwa na nchi hiyo moja pande zote, na malori yanayolisha mji mkuu yanapita daraja la Maseru. Chakula na mafuta vikapungua, na tarehe 20 Januari jeshi la Lesotho likamwondoa madarakani Waziri Mkuu Leabua Jonathan.

Jirani ya Lesotho kulikuwa na jambo la ajabu zaidi. Bechuanaland, yaani Botswana, ilitawaliwa na Waingereza kutoka Mafikeng, mji ulio ndani ya Afrika Kusini. Mji mkuu ulikuwa nje ya nchi kabisa! Uhuru ulipokaribia, serikali ilihamia Gaborone mwaka 1965. Hata hiyo Gaborone iko kilomita chache tu kutoka mpaka wa Afrika Kusini, kwa sababu ndiko kulikokuwa na maji na reli.

Ulaya na jirani zetu

Ulaya tutapita haraka. Bratislava, mji mkuu wa Slovakia, umepakana na Austria na Hungary kwa pamoja, jambo ambalo huhesabiwa kuwa la pekee duniani. Katika miaka ya vita baridi upande wa Austria ulikuwa na seng'enge, minara na askari wenye amri ya kupiga risasi. Desemba 2007 Slovakia iliingia katika eneo la Schengen na ukaguzi wa mpakani ukaondolewa. Nyumba Bratislava zikawa ghali, na wakazi wake wengine wakahamia vijiji vya Austria na Hungary, wakawa wanakuja kazini kila asubuhi kutoka nchi nyingine. Ardhi ni ile ile na mto Danube ni ule ule.

Kwa jirani zetu wa Burundi, Bujumbura ilikuwa mji mkuu tangu uhuru. Iko mwanzoni mwa Ziwa Tanganyika, na mpaka wa Kongo uko Gatumba, safari fupi ya gari. Mtaa wa Buyenzi mjini humo unajulikana kwa Waislamu wake na kwa Kiswahili chake, na udugu wao na watu wa Uvira ng'ambo ya ziwa ni wa zamani. Mwaka 2019 Gitega, iliyo katikati ya nchi, ilifanywa kuwa mji mkuu wa kisiasa, na Bujumbura ikabaki mji wa biashara. Sanduku likapelekwa chumba cha ndani. Soko, bandari na watu vimebaki barazani, na mwanzoni mwa mwaka 2025, vita vilipopamba moto mashariki ya Kongo, makumi ya maelfu ya watu walivuka Mto Rusizi kuingia Burundi, wengine kwa kuogelea.

Kazi ya nyumbani

Wazazi wanaombwa kusaidia panapokuwa na atlasi nyumbani.

Tafuteni Bangui, mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ni mto gani unaoitenganisha na mji wa Zongo, na Zongo ni ya nchi gani? Bangui ilianzishwa na Wafaransa mwaka 1889: kwa kutumia yale tuliyoyasema juu ya Brazzaville, elezeni kwa nini walichagua ukingo wa mto.

Chora mistari miwili kutoka Goma, mmoja hadi Kinshasa na mwingine hadi Kigali. Pima kwa rula, kisha tumia kipimo cha ramani kupata kilomita. Mstari wa kwanza ni mara ngapi ya ule wa pili?

Mwisho, muulize mzee yeyote nyumbani au mtaani aliyepata kuvuka mpaka kwa miguu au kwa chombo: alivukia wapi, mwaka gani, na nani alimpokea upande wa pili. Andika majibu yake ukurasa mmoja.